Mazoezi ya Mdogo Wangu

Ukitaka kujua watu wanaifikiriaje dunia, simama nyuma ya kaunta ya duka la simu. Mimi nilisimama hapo miaka mingi, Gitega mjini, katika duka la Mwislamu mmoja mwenye asili ya Kihindi ambaye hata babu yake amezikwa hapa hapa. Tuliuza redio, taa za sola na chaja, na simu zilipoanza kupendwa tukauza simu. Mteja hanunui chaja tu akaondoka. Ananunua chaja, anaegemea kaunta, anakupa maoni yake kuhusu kila kitu, na wewe huna pa kukimbilia.

Mama mmoja wa kwaya alisema simu imemwokoa, kwa sababu sasa analima huku akisikiliza mahubiri. Mwalimu mstaafu alisema simu imeua adabu, watoto wanakiamkia kioo kabla ya kuwaamkia wazazi. Lakini aliyezichukia simu kuliko wote ni patroni wangu mwenyewe, yule mwenye duka, aliyekuwa akiziagiza kwa makatoni.

"Mi nauzaga hii matelefone, bon, ni kazi," alizoea kuniambia. "Lakini kwangu nyumbani, saa ya kula, hakuna mutu anaigusa. Hii kitu iko inakula kichwa ya mutu polepole, dada. Vraiment."

Nilimwomba asiseme hivyo mbele ya wateja. Alisema wateja hawamsikilizi, wanamsikiliza mtu wa suti.

Mtu wa suti ndiye aliyewagawa wateja wetu siku hizo, kuliko mwanasiasa yeyote na kuliko mchezaji mpira. Alikuwa mwanamume wa Tanzania, suti ya buluu, meno meupe, akifundisha nidhamu kwa video fupi fupi. Amka kabla ya jogoo. Oga maji baridi. Beba mzigo mgongoni ukimbie, mwili ujue nani bosi. Usimwambie mtu mipango yako, hata mama yako, maana wanaokupenda ndio wa kwanza kukurudisha nyuma. Wengine walisema ametumwa na Mungu, wengine walisema ni tapeli wa kawaida aliyepata kamera nzuri. Mimi mtu anayetabasamu muda wote simwamini. Halafu, kuoga maji baridi! Kwetu Butihinda maji ya moto ni ya mzazi na ya mgonjwa. Sisi wengine tumekuwa na nidhamu tangu kuzaliwa, ila hatukujua kwamba inaitwa hivyo.

Nilikuwa nikicheka namna hiyo mpaka nilipojua kwamba mdogo wangu ni mfuasi wake.

Mdogo wangu alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, na amani ilipopatikana tukarudi Burundi akiwa kijana anayeanza kuota ndevu. Baba tulimwacha kaburini huko. Tulirudi watatu: mama, mimi na yeye. Mimi nilipata kazi Gitega nikapanga chumba mtaa wa Musinzira, wao wakabaki Butihinda, mkoa wa Muyinga, kwenye kilima cha babu zetu, maana kwetu kilima ndicho kijiji, karibu na barabara inayokwenda mpakani Kobero. Shuleni walimrudisha darasa la watoto wadogo kwa sababu hakujua Kifaransa, na Kirundi chake kilikuwa na mapengo ambayo wenzake waliyacheka. Aliacha shule, akashika jembe. Kwa hiyo ilipotokea sauti ndani ya simu, ikimwita "shujaa wangu" kwa Kiswahili kile kile alichochezea utotoni, aliipenda. Nilielewa. Ila sikuipenda.

Mama alianza kunipigia asubuhi asubuhi.

"Mwananje, mdogo wako halali."

"Halali vipi, mama?"

"Nasikia mlango unafunguliwa bado giza. Anabeba begi, anatoka. Namuuliza anaenda wapi, kimya. Anarudi jua limepanda, amelowa jasho, hali kitu, anachukua jembe na kulima kama anafukuzwa."

Nikamweleza kwamba ni mazoezi. Kwamba vijana wa siku hizi wanakimbia ili kuujenga mwili.

"Mazoezi?" alisema mama. "Na kulima ni nini?"

Nilicheka naye, lakini moyo haukucheka. Nilimuuliza patroni, akasema kijana anayeamka mapema ni baraka, angekuwa mlevi ningesemaje? Wateja walisema hivyo hivyo. Kila mtu alimsifu mdogo wangu ambaye hawajamwona, na mimi nikajaribu kuridhika kwa nguvu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikampigia mwenyewe.

"Mdogo wangu, unalala kweli?"

"Nalala, dada. Usingizi mwingi ni mama wa umaskini."

Hayo hayakuwa maneno yake. Nilihisi naongea na redio, nikakasirika, nikamwambia amsalimie huyo anayemsemea. Akakata simu kwa heshima zote.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu kilima chetu, la sivyo utatucheka bure. Karibu kila nyumba pale imerudi kutoka Tanzania, na karibu kila nyumba ina gunia nyuma ya mlango: shuka, sufuria, chumvi, jembe lisilo na mpini. Hakuna anayelizungumzia. Mama alikuwa wa kwanza kulifungua lake. Sufuria akairudisha jikoni, shuka akalitandika, gunia akalitilia maharage ya mbegu. Alisema amechoka kulala na safari mlangoni.

Na kuna sheria ambayo haikuandikwa na mtu. Mtu akipita alfajiri na mzigo mgongoni, unamuuliza: Ugiye he? Unaenda wapi? Naye lazima ajibu. Anaenda sokoni, anaenda kwa mgonjwa, basi, yaishe. Asiyejibu anajua jambo. Mama husimulia kwamba walivyokimbia mara ya kwanza ndivyo ilivyokuwa: jirani alipita na mzigo, akaulizwa, hakujibu, na waliomfuata bila kuuliza mara ya pili ndio waliopona.

Sasa mfikirie mdogo wangu. Kila alfajiri anapita na begi, upande wa mpakani, mbio, na kila anayemuuliza hajibiwi, kwa kuwa mtu wa suti amesema ushindi hutengenezwa kimya kimya. Na kila wiki begi linanenepa.

Siku yenyewe, asubuhi, nilikuwa namchagulia mteja kava ya simu. Mwanamume aliyekuwa mlangoni alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti, kwa sauti kubwa, kama wanavyopenda. Nikasikia jina la kilima chetu. Mwanamke ndani ya simu alikuwa anahema. Alisema Butihinda watu wanahama. Alisema kuna kijana pale mwenye ndugu ofisini Gitega, ndugu huyo ameambiwa siri na wakubwa, na kijana amekuwa akivusha vitu vyake kidogo kidogo, na leo amekwenda moja kwa moja.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumelelewa na methali hiyo, na sijui kama imetuokoa zaidi au imetuua zaidi. Patroni alimwomba yule mwanamume auchezeshe ujumbe tena. Alipomaliza kuusikiliza alikwenda mlangoni akateremsha shata la chuma nusu. Halafu akampigia mkewe kwamba awatoe watoto shuleni. Alinipa kisogo akiongea, na sikujua mpaka siku ile kwamba hata yeye, na duka lake na makatoni yake, alikuwa na gunia lake nyuma ya mlango.

"Enda, dada," aliniambia. "Enda uone mama. Hapa, tutaonana, inshallah."

Njia nzima ya Karuzi mpaka Muyinga nilipiga simu. Ya mdogo wangu haikupatikana. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuzima simu mpaka mchana ni amri nyingine ya mtu wa suti, ambaye ya kwake bila shaka ilikuwa imewashwa ikimhesabia wafuasi. Ya mama ilikuwa inatumika, inatumika, inatumika. Nilikuwa na woga wa aina ambayo haiachi nafasi hata ya kusali. Nilichoweza ni kubonyeza tu.

Kutoka Muyinga mjini nilichukua pikipiki. Karibu na kwetu tulianza kukutana nao. Magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto mgongoni, wote upande mmoja wa barabara, hakuna anayelia. Watu wa kwetu wanajua kukimbia, ni kitu tunachokifanya vizuri. Shefu wa kilima, kiongozi wetu, alikuwa amesimama katikati ya lami akiwasihi watulie, wasubiri habari kamili, huku baiskeli yake mwenyewe nyuma yake imeshafungwa godoro.

Mwanamke mmoja tuliyesoma naye kambini alinishika mkono kabla sijashuka vizuri.

"Umekuja! Wamekwambia nini huko ofisini?"

"Ofisi gani?"

"Mdogo wako si ana ndugu ofisini Gitega?"

Ndipo nilipoelewa kwamba ndugu aliyeambiwa siri na wakubwa ni mimi. Mimi muuza chaja. Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu watu walikuwa wananitazama mdomoni. Niliwaambia sijui lolote. Wakatazamana. Nao walikuwa wamezoea kwamba anayejua husema hajui.

Mama nilimkuta amekaa kizingitini, miguu imenyooka mbele, mikono mitupu. Hakuwa amefunga kitu. Jiko lilikuwa limezimika.

"Mimi sikimbii tena," alisema kabla sijamwamkia. "Waende. Lakini mtoto hajarudi."

"Atarudi, mama."

"Siku zote saa hizi ameshalima kipande. Imana yanje, Mungu wangu, kama kweli ameona jambo akaniacha? Na kama hakuona jambo, yuko wapi?"

Nilikaa naye. Lile la kwanza lilikuwa baya na lile la pili lilikuwa baya zaidi, nasi tulikaa katikati yake mpaka tuliposikia kelele barabarani.

Alikuwa anakuja kutoka upande wa mpakani, begi mgongoni, shati limemganda, uso umetulia kuliko nilivyouona miezi yote ile. Siku hiyo alikuwa ameamua kuongeza umbali, basi. Watu walimzunguka. Umeona nini huko? Wamefunga mpaka? Wanajeshi wapo? Vitu vyako umeviweka kwa nani? Alimtazama huyu, akamtazama yule, hakuelewa hata swali moja, na kwa mara ya kwanza tangu apate ile simu alisahau kunyamaza.

"Nilikuwa mazoezini," alisema.

"Fungua begi," alisema shefu wa kilima.

Akafungua. Yalikuwa mawe, yamezungushiwa kipande cha kitenge cha mama ili yasimchune mgongo.

Mtu mmoja alicheka. Kisha hasira zikaja zote pamoja, kwa sababu kuna aliyechinja mbuzi apate nyama ya njiani na kuna aliyeng'oa mihogo ambayo haijakomaa. Yule mwanamke tuliyesoma naye aliinama akachukua jiwe moja, akalipima kiganjani.

"Sisi tulibeba watoto," alimwambia. "Wewe unabeba mawe."

Hakupiga kelele aliposema hivyo. Mdogo wangu aliinamisha kichwa kama aliyepigwa kofi. Kilima kilimhukumu kwa desturi yetu: alete pombe ya ndizi, wanywe pamoja naye, yaishe. Mtu wa suti anakataza pombe. Mdogo wangu aliileta, akanywa, akakohoa, na wazee wakapata kitu cha kucheka. Jioni magodoro yalikuwa yamerudi vitandani. Sina hakika kama magunia yalifunguliwa.

Mimi sikuwa nimecheka. Kesho yake, tukiwa uani na mama anachambua maharage, nilinyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu. Namfuta huyo mtu wako sasa hivi."

"Dada, huyu hana kosa."

"Hana kosa! Amekufanya usiongee na mama yako. Amekukondesha. Amehamisha kilima kizima kwa meno yake meupe. Na kama ni mbio tu, kwa nini ile barabara? Kuna njia ya bondeni, ina kivuli, haina malori. Kwa nini kila siku mpakani?"

Alinyamaza. Nilidhani ni kile kimya cha video, nikafungua mdomo nimtukane, nikaona kidevu chake kinatetemeka.

"Alfajiri malori yanapita," alisema. "Kila nikisikia injini nadhani wamekuja kutuhamisha, kama siku ile kambini. Najua si kweli. Najua tuko nyumbani. Lakini moyo unagonga mpaka nadhani ukuta unasikia. Nikibaki kitandani nitapiga kelele. Nikienda mpaka pale Kobero, nikiiona Tanzania iko palepale, unatulia. Hapo naweza kurudi nikalima."

"Tangu lini?"

"Tangu turudi."

"Na huyu mtu wa suti?"

"Huyu amenipa jina la kuliita, dada. Nikisema nakimbia kwa sababu naogopa, watasema nimerukwa na akili. Nikisema ni mazoezi, wananisifu. Hata wewe ulimwambia mama ni mazoezi."

Ilikuwa kweli, nami nilikosa pa kuyaweka macho yangu. Nimesikia maoni mengi kwenye kaunta ile kuhusu watu wa kichwa, wenye maradhi ya akili: kwamba wamerogwa, kwamba ni wavivu, kwamba hawasali vya kutosha. Sijasikia hata mmoja akisema kwamba mwenye hofu anaweza kuwa yule anayeamka mapema kuliko wote.

Mama alikuwa ameacha kuchambua.

"Basi majirani hawakukosea," alisema. "Waliona mtu anakimbia, na kweli alikuwa anakimbia."

Akatikisa ungo, akauweka chini.

"Kesho utanisubiri. Mimi miguu yangu ni mizito, tutakwenda taratibu. Ukiulizwa njiani, nitajibu mimi."

Nilirudi Gitega nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyokwenda. Mama na magoti yake, malori, giza. Niliwawekea sharti: kila wakirudi nyumbani wanitumie neno moja, Tumerudi. Kila asubuhi lilifika, nami ndipo nilipokunywa chai. Mama alisema mwanzoni walifika mbali, kisha wakaanza kuishia kwenye daraja, kisha kwa rafiki yake anayewapa uji, ambako walikaa wakaongea mpaka kukacha. Wote waliouliza njiani walijibiwa. Nilimshawishi mdogo wangu aende pia kituo cha afya, aliogopa kuonekana pale, akaenda kwa kujifunika kofia. Muuguzi alimsikiliza bila kumkatiza na akamwambia arudi tena. Alirudi. Video za mtu wa suti aliendelea kuzitazama, kwa kuwa anapenda Kiswahili chake. Sikubishana.

Patroni naye alipandisha shata lake, lakini siku nyingi baadaye, gari likipiga honi kwa nguvu, nilimwona akitazama mlango. Tulitazamana.

Halafu asubuhi moja ujumbe haukuja.

Nilikoroga chai nikaiacha ipoe. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya Musinzira na majirani wanafua. Nilimpigia mdogo wangu, haipatikani. Nilimpigia mama, inaita, haipokelewi. Nilijiambia ni betri. Nilijiambia ni mtandao. Nauza simu, najua sababu zote zinazofanya simu isipatikane, na hakuna hata moja iliyonituliza. Niliwaona kwenye lami wote wawili, waziwazi, na lori. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, natafuta cha pili chini ya kitanda, mama alipopokea.

"Mama! Kuna nini? Mbona hamkutuma?"

"Sema polepole," alinong'ona.

"Yuko wapi?"

"Amelala."

Sikuelewa. Nilimuuliza kama anaumwa, kama ameanguka, kama amemeza kitu.

"Haumwi. Amelala tu. Nilimwamsha twende, akageukia ukutani. Malori yamepita yote, hajashtuka. Jua limeingia mpaka kitandani. Nimekaa hapa mlangoni nawafukuza kuku."

Nikaanza kulia, kwa sauti, na mama akakata simu ili nisimwamshe.